Nimeisikiliza "drivers license" kwa masikio ya mwalimu wa udereva

Wimbo huu wa Olivia Rodrigo, "drivers license", yaani leseni ya udereva, nilianza kwa kuuchukia. Nauandikia leo kwa sababu nilikosea, na kwa sababu naona wengi bado wanaufanyia kosa lile lile nililoufanyia mimi: wanausikiliza kipande.

Ilikuwa Januari 2021. Shule zilikuwa zimefunguliwa tarehe 4, baada ya watoto wengi kukaa nyumbani miezi tisa kwa ajili ya korona. Binti wa marehemu kaka yangu alikuwa na miaka 17, na kila akitoka shule alipitia kwangu Tudor, anatupa mkoba kwenye kochi, anavua barakoa, anakamata simu. Wiki ile simu yake ilikuwa na kelele moja tu. Msichana anaimba kwa sauti ya juu kama anayelia, ngoma zinagonga, na kabla hujajua kimemkuta nini, kipande kinakatika na kuanza upya. Sauti ni ile ile lakini sura zinabadilika: huyu yuko kitandani, yule yuko ndani ya gari, mwingine amesimama mbele ya kioo, wote wanafumba macho na kupanua midomo kwenye neno lile lile. Nikamwambia, "Mwanangu, hebu mpunguze huyo anayepiga mayowe." Akanijibu bila kuinua uso: "Shangazi, huu wimbo ni wako. Ni wa leseni."

Kazi yangu ni kufundisha watu kuendesha magari hapa Mombasa, na nimeifanya tangu 2006. Maisha yangu ni kiti cha kushoto, mguu umekaa karibu na breki ya mwalimu, jicho moja barabarani na jingine kwenye mikono ya mwanafunzi. Leseni kwangu ilikuwa foleni, ada, picha, na polisi wa trafiki anayekuonyesha alama na kukuuliza maana yake. Kwamba mtu angeikalia akaitungia wimbo wa mapenzi, halikunijia kamwe.

Nikausikia mzima siku nyingine, tukiwa garini. Nilikuwa nimemaliza mwanafunzi wa mwisho kule Kizingo na nikampitia binti yangu huyo mjini ili tuwahi nyumbani kabla ya kafyu. Akachomeka simu yake kwenye redio ya gari. "Shangazi, usiseme neno kwa dakika nne." Nikawasha gari, na papo hapo nikasikia ile kengele ndogo inayolia mlango ukiwa wazi na ufunguo uko mahali pake. Nikamwambia funga mlango vizuri. Akasema mlango umefungwa. Nikatazama kwenye dashibodi, hakuna taa iliyowaka. Kengele inaendelea, ting, ting, ting, halafu pole pole nikatambua kwamba imekuwa kinanda. Haikukatika kisha kinanda kikaanza. Ile ile noti, kwa mwendo ule ule, imetoka kwenye gari ikaingia kwenye muziki.

Hapo nikanyamaza kweli.

Sauti hiyo naisikia mara arobaini kwa siku. Ni sauti ya kwanza ambayo mwanafunzi husikia akikaa nyuma ya usukani kwa mara ya kwanza, na nimeona watu wazima wakiruka kwa kuisikia. Aliyefikiri kuianzia wimbo kwayo anajua kukaa peke yako ndani ya gari kukoje, dakika ile kabla hujaondoka, wakati hakuna anayekuona.

Mwimbaji, Olivia Rodrigo, ni mzaliwa wa California, Februari 2003. Kabla ya hapo watoto walikuwa wanamjua kwa tamthilia ya Disney, na humo alishaimba wimbo aliouandika mwenyewe. Lakini huu ndio aliotoka nao kwa jina lake, wimbo wa kwanza kabisa wa kazi yake kama mwimbaji wa peke yake, tarehe 8 Januari 2021, chini ya kampuni ya muziki ya Geffen Records. Jina la wimbo huandikwa kwa herufi ndogo tupu, bila alama yoyote. Aliuandika pamoja na Dan Nigro, ambaye pia ndiye aliyeutayarisha. Mwenyewe ameeleza kwamba alikuwa akizunguka na gari mtaani kwao, anasikiliza nyimbo za huzuni na kulia, akarudi nyumbani akakaa kwenye kinanda akaandika hilo hilo. Nami namwamini, kwa sababu wimbo una harufu ya mtu aliyetoka garini sasa hivi.

Kisa chenyewe ni kifupi. Amepata leseni wiki iliyopita. Walikuwa wakiizungumzia siku zote, yeye na kijana wake, kwamba akiipata ataendesha hadi nyumbani kwake. Sasa ameipata na kijana hayupo tena. Yupo na mwingine. Basi anaendesha tu, anapita mitaa ya kwao, anapita njia ya nyumba ile, hasimami. Basi. Hakuna kingine kinachotokea kwa dakika 4 na sekunde 2.

Ili uone uzito wake lazima ujue leseni ni nini kule kwao. California kijana anaweza kupata leseni ya awali akiwa na miaka 16, kwetu gari ni 18. Kule leseni inaingia katika umri ule ule wa shule ya upili na mapenzi ya kwanza. Na ile mitaa ya nje ya mji anayoipita ni ya nyumba zilizotawanyika, kila moja na ua wake. Huko huegemei ukuta ukasubiri matatu, wala hakuna tuktuk ya kukufikisha kwa shilingi hamsini. Kijana asiye na leseni hufikishwa na mamake. Kwa hiyo ahadi ile ya "nikipata leseni nitakuja" haikuwa mapambo ya maneno. Ilikuwa ndiyo njia yenyewe ya kufika kwake. Akaipata njia, mwisho wa njia hakuna mtu.

Ubeti wa kwanza anauimba chini sana, karibu na kunong'ona, na kinanda peke yake kinamshika mkono. Wanafunzi wangu wakiwa na woga huongea hivyo hivyo, kana kwamba gari litasikia. Kiitikio cha kwanza unategemea kitapanda, hakipandi. Anakizuia. Ubeti wa pili mapigo yanaanza kuingia, taratibu. Marafiki wamechoka kusikia akimtaja, anasema, na hapo sauti inakwaruza kidogo kama mtu aliyekwisha sema jambo hilo mara nyingi na anajua hawamsikilizi. Kiitikio kinarudi kikiwa kimenenepa. Na dakika mbili zikishapita ndipo kinapokuja kile kipande.

Hicho ndicho kilichokuwa kwenye simu. Ngoma, sauti yake imepandishwa juu ya sauti yake, tabaka kwa tabaka, hadi inakuwa kama kwaya ya mtu mmoja. Na maneno! Nilipoyasikia vizuri nilishika usukani kwa mikono miwili. Anataja taa nyekundu. Anataja alama ya kusimama. Anasema bado anaona uso wa mtu wake kwenye magari meupe, kwenye nyua za mbele za nyumba. Taa nyekundu na alama ya kusimama ndilo somo langu la wiki ya kwanza. Nafundisha kwenye ubao wa mji wa mfano, ule wenye barabara zilizochorwa na vigari vya kuchezea, na mwanafunzi husukuma kigari chake kwa kidole na kusema kwa sauti: nimefika kwenye taa, ni nyekundu, nasimama. Kila kitu anachokipita msichana huyu kinamwamuru asimame, na moyo wake haujui kusimama. Mshairi yeyote mkubwa angejivunia hilo, na hapa limeandikwa na mtoto wa miaka 17 kwa vitu ambavyo hata mjinga wa barabara anavijua.

Na magari meupe.

Siku ile nilipitiliza njia yetu ya nyumbani, na sina budi kusema kwa nini. Kaka yangu alikuwa dereva wa matatu ya Mombasa na Malindi. Ndiye aliyenifundisha gia kabla sijashika gari lolote. Alinichorea kwa kidole kwenye mkeka, ya kwanza juu, ya pili chini, pita katikati, ya tatu juu, na akanilazimisha nifumbe macho nizirudie mpaka mametu akatuita mezani. Tulikuwa na ahadi. Siku nikipata leseni, mimi ndiye nitakayeshika usukani hadi Malindi na yeye atakaa kushoto kama abiria, na hatasema neno hata nikikosea. Alifariki 2004 kwa ugonjwa wa figo, akaacha mtoto mchanga wa mwaka mmoja. Leseni yangu ilitoka wiki tatu baada ya arubaini yake. Ilikuwa bado ile ya zamani, kijitabu chekundu chenye picha ndani. Nilikaa nacho mapajani ndani ya basi nikirudi nyumbani, na sikuwa na mtu wa kumwonyesha kwanza.

Mwaka ule ndio serikali ilikuwa imetoka kulazimisha matatu zote zichorwe mstari wa njano, kuanzia Februari. Kila Nissan nyeupe yenye mstari wa njano iliyokuja kutoka upande wa Kongowea nilimwona yeye kwenye kioo. Miezi na miezi. Sikumwambia mtu, kwa sababu nani ataelewa? Miaka 17 baadaye msichana wa Marekani ananiambia kwenye redio ya gari kwamba na yeye anaona uso kwenye magari meupe. Mpenzi aliyeondoka si sawa na ndugu aliyekufa, hilo najua. Lakini barabara inafanya jambo lile lile.

Tuje kwenye mitandao, maana bila mitandao wimbo huu usingenifikia Tudor. Alikuwa ameonyesha kipande chake Instagram katikati ya 2020, anaimba na kinanda, na watu wakaanza kuuliza utatoka lini. Ulipotoka, TikTok ikaubeba. Kuna waliojirekodi wakiuimba tu, na kuna waliofanya jambo lililonifurahisha zaidi: waliuandika upya kwa upande wa yule kijana, wengine kwa upande wa yule msichana mwingine, kila mmoja anajitetea. Mtu wa pwani hilo hahitaji kufundishwa. Kwenye taarabu wimbo hujibiwa kwa wimbo, na aliyerushiwa lazima arushe. Wazungu wamelifikia kwa simu, sisi tulilikuta kwa bibi zetu.

Siku tatu baada ya kutoka ulikuwa umevunja rekodi ya Spotify, ile programu ya kusikilizia muziki mtandaoni, kwa wimbo usio wa Krismasi: ulisikilizwa zaidi ya mara milioni 15 kwa siku moja. Ukaingia Billboard Hot 100, chati ya nyimbo ya Marekani, moja kwa moja kwenye namba 1 na kukaa hapo wiki 8. Uingereza wiki 9. Na hapa Kenya Spotify yenyewe ilikuwa haijafika, ilikuja mwishoni mwa Februari. Sisi tuliusikia kwa YouTube, kwa TikTok, kwa faili zilizotumwa WhatsApp. Aprili 2022 akachukua tuzo ya Grammy ya uimbaji bora wa pop wa mtu mmoja kwa wimbo huu, pamoja na ya msanii bora mpya. Watu walisema pia mengi kuhusu kijana ni nani na msichana mwingine ni nani. Mimi hayo siyataki. Ukiyajua majina, wimbo unakuwa wa kwao. Usipoyajua unaweza kuingia na wako.

Lakini mitandao ile ile iliyouleta ndiyo inayouharibu. Sekunde 15 za mayowe bila dakika mbili za kunong'ona ni mayowe tu, ndiyo maana nilitaka yapunguzwe. Kile kipande kimejengwa na kila alichokizuia kabla yake. Huwezi kumchukua mwanafunzi siku ya kwanza ukampeleka barabara ya Mombasa kwenda Nairobi katikati ya malori halafu ukashangaa anapiga kelele. Wimbo huu umepangwa na mtu anayejua gia: unapanda moja baada ya nyingine, na ukiruka unaua injini. Siku ile garini, wimbo ulipokwisha, binti yangu aliniuliza, "Sasa umependa?" Nikamwambia arudie mwanzo.

Nina malalamiko. La kwanza, katikati ya kile kipande kuna tusi moja la Kiingereza, na kwa kweli linaniuma kwa sababu halikuhitajika; hisia ilikuwa imekwisha fika. Ukiwa na watoto wadogo garini, au mama mkwe, tafuta toleo la redio lililosafishwa. La pili, yule msichana mwingine hatujui lolote juu yake ila nywele na umri. Mtunzi anayeweza kuona uso kwenye gari jeupe angeweza kumpa mwenzake walau kitu kimoja cha kushikika. La tatu ni mwisho. Baada ya ngoma kuanguka na sauti kurudi chini kunakuja kiitikio cha mwisho, na kwangu kinapoa haraka mno. Nilitaka anishushe polepole kama alivyonipandisha. Binti yangu anabisha. Anasema mtu aliyekwisha kulia ndivyo anavyonyamaza, ghafla. Labda.

Na jambo la kiufundi: usiusikilize kwa spika ya simu kwenye matatu. Ubeti wa kwanza wote utapotea, utabaki na kelele za katikati, utasema kama nilivyosema mimi. Tafuta vipokea sauti vya masikioni, au redio ya gari, vioo vimefungwa, usiku. Kwenye YouTube ni bure, na hata bando dogo linatosha.

Albamu aliyoifuatisha, Sour, ilitoka tarehe 21 Mei mwaka huo huo. Sitaikagua hapa, ila nitaje kitu kimoja kwa sababu nakipenda mno: kwenye wimbo wake wa kwanza anakiri kwamba hata kuegesha gari sambamba na ukingo wa barabara, katikati ya magari mawili, hawezi. Dereva mpya wa kweli huyo. Ana leseni na bado hajui kuegesha. Nina wanafunzi waliofaulu mtihani na bado hunipigia simu wakiwa wamekwama Moi Avenue, gari limekaa upande upande, madereva wa nyuma wanapiga honi, "Mwalimu, nikate usukani wapi?" Hukaa nao kwenye simu mpaka gari liingie.

Binti yangu alitimiza miaka 18 mwaka ule ule wa 2021. Nilimfundisha mwenyewe, na nilikuwa mkali kwake kuliko kwa mwanafunzi mwingine yeyote, mpaka wifi yangu akanisemesha. Gia nilimchorea kwa kidole kwenye mkeka. Leseni yake ilipotoka alinijia nayo kwanza, hata kabla ya mamake, akasimama mlangoni ameishika kwa mikono miwili. Jumapili tuliyokwenda Malindi yeye ndiye aliyeendesha. Mimi nilikaa kushoto, na gari lile halina breki ya mwalimu, na nilikuwa nimeapa nisiseme neno.

Aliniendesha mpaka Kilifi bila muziki, kwa sababu mimi humfundisha mtu aendeshe kwanza kwa masikio. Tulipovuka daraja la Kilifi akaniomba ruhusa. Nikampa. Kengele ikalia, ting, ting, na safari hii sikumwambia afunge mlango. Kulikuwa na Nissan nyeupe mbele yetu, imejaa, kondakta amening'inia mlangoni, mstari wa njano umefifia kwa jua. Binti wa kaka yangu akatazama kioo, akaweka indiketa, akaipita vizuri, akarudi upande wake bila kuharakisha. Kile kipande kilipofika aliimba kwa sauti yote aliyo nayo, macho wazi, mikono yote miwili kwenye usukani.